Balozi wa Baraza Kumi

Mchana baraza ilikuwa yangu, usiku ilikuwa yake, na asubuhi tulikabidhiana. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko, na kwa miaka mingi nikifika na baiskeli kutoka Bombambili nilimkuta yule mama amekwisha fagia, amekunja vitu vyake, amesimama kando ya nguzo na ufagio mkononi.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, Fundi. Nakukabidhi. Pale usiweke kiti, pana maji."

"Nimepokea."

Hapo ndipo anaondoka kwenda sokoni kuchambua maharage ya watu. Nikichelewa ananisubiri. Hakuwahi kuiacha baraza bila mwenyewe.

Sijui kama mimi ndiye niliyefaa kuandika habari zake. Niliishia darasa la saba, na haya mambo nayaandika jioni kwenye daftari kwa sababu nisipoyaandika hayaniachi nilale. Mara nyingi nikisoma nilichoandika jana naona nimempendelea mtu, nafuta, naandika upya, halafu naona sasa nimempendelea mwingine. Kwa Balozi ni vigumu zaidi kwa kuwa nampenda. Tena wateja wangu wengine ni askari na mgambo. Nimewabadilishia zipu, nimewatia viraka magotini, na upande wao nimeusikia huku nina pini mdomoni. Kwa hiyo nitajitahidi. Nikikosea, mtu mwenye kujua zaidi aandike lake.

Alikozaliwa sitapaeleza, maana sipajui, na nitasema mbele kwa nini sipajui.

Kwanza nieleze ule ufagio. Waliolala kwenye baraza zile walikuwa watu wa kila namna: wabeba mizigo, mzee mmoja aliyeosha mabasi, mwanamke aliyekimbia kipigo, watu waliokuja mjini kwa jambo la wiki moja na lile jambo likawashinda. Wote, awe mgonjwa awe mlevi, walifuata sheria ya Balozi. Huwashi moto. Hukojoi karibu. Kabla mwenye duka hajafika unafagia ulipolala, na unafagia hata pale ambapo hukulala. Alisema, "Ufagio ndiye wakili wetu. Yeye halipwi na hachelewi."

Alhaji, mwenye duka letu la vifaa, mtu wa Tunduru mpole lakini mwenye kulalamika, aliniambia siku moja, "Fundi, huyu mama ananitia aibu. Baraza yangu safi kuliko sebule yangu."

"Mwambie aache, Alhaji."

"Nimwambie aache usafi? Mimi Mwislamu, nitajibu nini?"

Usidhani kwamba Balozi alikuwa mtu wa utaratibu katika kila jambo. Mkasi wangu mdogo alikaa nao msimu mzima wa mvua, akiniapia kwamba mimi ndiye niliyeusahau nyumbani. Siku aliyourudisha alinilaumu kwa kutoufuata. Alinusa ugoro, akapiga chafya kwenye vitambaa vya wateja wangu, kisha akaniuliza kwa nini vitambaa vyangu vina vumbi. Alikuwa mkali kwa walevi kupita kiasi, naona hivyo mpaka leo. Aliwapanga baraza ya mwisho, penye upepo, na katika baridi ya Juni ya Songea upepo ule si adhabu ndogo. Nilimwambia. Akasema, "Pombe si ina joto? Wajifunike hiyo." Lakini ni yeye huyohuyo aliyeniletea magunia ya salfeti niyaunge mawili mawili yawe ya kujifunika, na ya kwanza yalikwenda kwa walevi. Nilipomtania kwa hilo alikasirika kweli.

Sasa nieleze doria, maana bila doria tusingekuwa na Balozi.

Ilikuwa hivi. Duka likivunjwa mahali, au mgeni mkubwa akitarajiwa mjini, gari la polisi lilipita alfajiri kuzoa wazururaji. Hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Aliulizwa unakaa wapi, na balozi wako wa nyumba kumi ni nani. Asiye na jibu alipanda gari. Wengine walikaa mahabusu, wakafyeka majani ya kituo, wakaachiwa. Wengine walipelekwa mahakamani kwa uzururaji, na huko kuna waliofungwa. Waliorudi walikuta magunia yao yametupwa jalalani. Saidi, mbeba mizigo, alikuwa akisema majani ya kituo anayajua kuliko shamba lake la korosho.

Huyu Saidi ni mtu wa Namasakata. Alikuja kumuuguza mke wake hapa mjini, akamuuguza mpaka akamzika, kisha akaona haya kurudi kwao peke yake. Alilala baraza ya pili. Ni mtu wa swala tano, na mzigo akikubebea hadondoshi hata punje.

Koplo aliyeongoza doria miaka ile alikuwa mteja wangu, Mhehe wa Iringa, mrefu, suruali zake zote zilihitaji kuteremshwa pindo. Siku moja amekaa kwenye benchi akisubiri, akaanza mwenyewe.

"Fundi, unadhani napenda kupakia wazee kwenye gari?"

"Sijasema kitu, afande."

"Unanyamaza kama mtu anayesema." Akanyoosha miguu. "Duka likivunjwa, mwenye duka anauliza polisi walikuwa wapi. Nikirudi na gari tupu, mkubwa ananiuliza nilikuwa nazurura wapi. Yaani mzururaji nakuwa mimi."

Niliandika maneno hayo siku ileile. Nayaandika tena hapa kwa sababu ni haki yake.

Wakati huo Balozi alikuwa bado hajawa Balozi, tukimwita Mama Maharage. Baada ya doria moja mbaya alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa pamoja na wenzake wachache, na mimi nikaenda kwa kuwa walitaka mtu mwenye nyumba awepo. Akamwambia mwenyekiti: tunaulizwa balozi, hatuna balozi, tupe balozi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha viti. Akasema, "Mama yangu, balozi ni wa nyumba. Ninyi hamna nyumba."

"Zile baraza ni za nini?"

"Za nyumba."

"Basi wenzetu wanakaa ndani ya nyumba, sisi tunakaa nje ya nyumba. Nyumba si ni zilezile?"

Mwenyekiti alicheka, akamwangalia karani wake, akasema hawezi kuandika kitu kama hicho. Mama Maharage akasimama, akashukuru kwa viti. Tulipofika sokoni akasema, "Amesema hawezi kuandika. Hajasema hatuwezi kuchagua."

Walichagua asubuhi na mapema, maduka hayajafunguliwa, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea kama tunavyofanya kwenye mikutano. Wagombea walikuwa wawili: yeye na yule mzee wa kuosha mabasi, mwenye redio. Mimi nilifanywa shahidi. Walizihesabu baraza kutoka duka la Alhaji hadi kwenye mashine ya kusaga, zikawa kumi na moja. Moja kati ya hizo, mwenye duka lake alikuwa akiimwagia maji kila jioni ili watu wasilale. Mama Maharage akaitoa. "Hiyo ni nchi ya nje," alisema.

Mistari ilipopangwa, wa mzee ulikuwa mrefu zaidi. Mama Maharage akageuka akauangalia.

"Ninyi mnamfuata huyu kwa ajili ya redio yake," alisema. "Askari akija, redio itawajibia?"

Watu wakacheka. Wawili watatu wakahama mstari, na wengine wakawafuata. Akashinda. Sina hakika kama kusema na wapiga kura wakiwa mstarini ni haki, na siku ile nilimwambia hivyo kwa kuwa nilikuwa shahidi. Alinijibu, "Andika kwamba shahidi amelalamika." Nimeandika. Mzee wa redio alifanywa msaidizi wake, wakawa wanagombana kuhusu stesheni mpaka mzee alipokufa, na siku hiyo Balozi aliiwasha redio ile kutwa nzima kwenye stesheni aliyoipenda marehemu.

Tangu asubuhi ile hakuna aliyemwita Mama Maharage tena, hata mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Akikutana naye, anasema "habari za kwako, Balozi," huku akicheka, lakini anasema.

Silaha yake nyingine ilikuwa utani wa makabila. Kila askari mgeni akija mjini, Balozi alihakikisha amejua kwao. Kwa Koplo Mhehe alikuwa Mngoni, na matusi waliyotupiana pale barazani mtu mgeni angedhani wanauana. Koplo akipita: "Bibi, bado hujafa? Nimeshanunua sanda." Naye: "Ipunguze iwe suruali, mtani, hiyo uliyovaa inaonyesha vifundo." Kisha akaja mgambo mmoja Mpare. Nikamsikia Balozi kwa masikio yangu akimwambia kwamba yeye ni Mchaga kwa upande wa mama, kwa hiyo asimguse. Mchaga gani mwenye sauti ya Songea namna ile? Kwa Mzaramo alikuwa Mnyamwezi. Nilimuuliza siku moja tukiwa wawili, kabila lako hasa lipi, akasema, "Mimi wa hapa." Hapa ni wapi, sikumuuliza. Ndiyo maana nimesema alikozaliwa sipajui. Lakini kwa kuwa Koplo alikaa miaka mingi, ule Ungoni ndio ulioshika, na soko zima lilimjua kuwa Mngoni.

Kuna jambo nililokuwa nataka kuliruka, lakini nikiliruka nitakuwa nimempamba.

Jamaa mmoja wa baraza ya tatu aliiba simu ya mama muuza mboga. Balozi alijua kabla ya polisi. Akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa Koplo, pamoja na ile simu. Baadhi ya wenzake walimwita mshushushu. Mwanamke aliyekimbia kipigo, ambaye alikuwa kama binti yake, hakumsemesha siku nyingi. Balozi aliwaambia jambo moja tu: "Nikimficha huyu, kesho nikisema Saidi hana kosa, nani atanisikiliza?"

Niliona ana haki. Lakini yule jamaa alifungwa, na mama yake akaja kutoka kijijini, akasimama hapa hapa mbele ya cherehani yangu, akamlaani Balozi kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Balozi alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Yule mama alipochoka, ikawa jioni na basi la kurudi limeondoka. Balozi akamwambia, "Mwenzangu, utalala wapi leo?" Akampa nafasi yake mwenyewe, ile ya ndani isiyopigwa na upepo, na magunia yake. Asubuhi nilipofika niliwakuta wote wawili wanafagia, hawasemeshani.

Nani alikuwa na haki kati yao, mpaka leo sijui.

Sasa siku ya kituoni. Hii ndiyo watu wanayoipenda kuisimulia, na kila mmoja anaongeza chumvi. Mimi nitaiandika nilivyoiona.

Mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa. Alfajiri doria ikapita, ikamkuta Saidi anatoka msikitini, kofia kichwani. Unakaa wapi? Baraza ya pili. Balozi wako nani? Akamtaja. Wale mgambo walicheka, wakadhani anawafanyia mzaha, wakampandisha garini. Zikaja habari kwamba safari hii wanaozolewa wanakwenda mahakamani moja kwa moja, na Saidi alikwishapelekwa mara moja akaonywa. Mara ya pili ingekuwa gereza.

Nilipofika na baiskeli baraza ilikuwa chafu. Sijawahi kuiona hivyo. Watu wote wamesimama, kila mtu na boksi lake la kulalia kichwani.

"Leo sikukabidhi, Fundi," Balozi alisema. "Tuna msiba."

"Nani amekufa?"

"Bado hajafa. Ndiyo maana tunawahi."

Wakaondoka kwa mstari, katikati ya mji, na maboksi yao. Nami nikawafuata, futi yangu ya kupimia ikiwa shingoni. Nilijiambia naenda ili niandike sawasawa. Huenda nilikuwa naogopa tu kubaki.

Kituoni Koplo alikuwa mlangoni. Balozi akamsalimu, "Kamwene, mtani," kama wasalimianavyo kwao Wahehe. Kisha akatandika boksi lake kwenye ngazi, pale ambapo kila anayeingia lazima akanyage, akalala chali, akajifunika kitenge kuanzia miguuni mpaka usoni.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwenye msiba mtani anaweza kuingia kaburini akalala, na hatoki mpaka alipwe, na hakuna mfiwa mwenye adabu anayeweza kumtoa kwa nguvu. Koplo alielewa kabla hajasema neno. Niliuona uso wake.

"Bibi, inuka. Hapa ni kituo."

"Kwangu ni kaburi," sauti ilitoka chini ya kitenge. "Umeniulia mtu, Mhehe wee. Nilipe nitoke."

"Shilingi ngapi?"

"Weka hela zako ununue suruali ndefu. Nataka mtu wangu."

Watu waliokuja kituoni kwa shida zao wakaanza kucheka. Nyuma yake wenzake nao wakatandika maboksi, wakakaa. Yule mwanamke wa kipigo, ambaye siku hizo alikuwa ameshapatana naye, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Afande, kama kulala nje ni kosa, sisi wote tumelala nje. Kwa nini mmemchukua mmoja? Mnatubagua. Tukamateni wote."

"Mahabusu hamtatosha."

"Tutalala barazani kwenu. Tumezoea."

Koplo akachuchumaa karibu na kile kitenge. Alisema taratibu, lakini nilikuwa karibu. "Bibi, unataka nifanye nini? Mimi natumwa."

Balozi akafunua uso. Hakuwa anatania tena. "Uliza alichofanya, mjukuu wangu. Acha kuuliza anapolala. Anapolala tunapajua wote."

Koplo akainuka, akaingia ndani kwa kuzungukia mlango wa nyuma, kwa sababu kumruka mtani kaburini hakuweza. Tulikaa mpaka jua likawa kali. Mwishowe akatoka mkubwa wake, akauliza huyu mtu mwenye kofia ameshtakiwa kwa lipi, nani mlalamikaji. Hakupatikana mlalamikaji. Saidi akatoka, kofia mkononi, akamwinamia Balozi pale chini akamwambia, "Shikamoo marehemu."

Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ilikuwa ni maneno tu, kwamba doria ikifika kwenye zile baraza kumi imuulize Balozi kwanza, naye atasema nani ni wake na nani hamjui. Maneno hayo yalishika muda wote Koplo alipokuwa hapa. Sisemi doria iliisha. Iliendelea kwingine, kule ambako hawakuwa na balozi, na hilo Balozi alilijua na lilimuuma. Alikwenda mpaka stendi kuwaambia wachague wa kwao. Walimsikiliza, wakasema watafikiri.

Koplo alipohamishwa alileta suruali ya mwisho. Akaniambia, "Mwambie yule Mngoni wangu asife kabla sijarudi. Nataka nimzike mwenyewe." Nilifikisha salamu. Balozi alinusa ugoro, akasema ni moshi wa gari uliomtoa machozi.

Kisha magoti yakamshinda. Alhaji ana chumba cha uani kwenye nyumba yake ya Mfaranyaki, akampa bure. Alikikataa baridi mbili mfululizo. "Nikiwa na nyumba nitakuwa chini ya balozi mwingine," alisema, "nami sijui kutawaliwa." Alipokubali, kwa miezi mingi aliendelea kuja kwa miguu kila asubuhi kukagua ufagio. Baadaye akaja mara mojamoja. Baadaye haji.

Niliyoyaandika mpaka hapa ni ya zamani kidogo. Hili la mwisho ni la juzijuzi.

Alikuja sajenti mpya. Hatukumjua, hakutujua, na maneno ya Koplo yalikuwa yameondoka na Koplo. Asubuhi moja nilifika nikakuta watu wanne wamesimama kwenye cherehani yangu. Nikadhani wana nguo za kushona. Yule mwanamke wa kipigo akasema, "Fundi, Saidi kachukuliwa tena. Mfuate Balozi."

Nilichukua bodaboda mpaka Mfaranyaki. Nilimkuta amekaa nje ya chumba chake, ungo mapajani, anachambua maharage. Pale nje palikuwa pamefagiwa mpaka kwa jirani. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Wamemchukua nani?"

"Saidi."

Akaweka ungo chini. "Nisaidie kuinuka."

Alipanda bodaboda kwa upande, kitenge cha kujifunika kimekunjwa kifuani. Kituoni wenzake walikuwa wamekwisha fika. Sajenti alikuwa kijana, nadhifu, hana sura ya ubaya. Alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kwetu hapahapa, bibi. Peramiho. Mimi Mngoni."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Soko lote lilimjua Balozi kuwa Mngoni, mama wa Kingoni kwa miaka yote hiyo, na Mngoni na Mngoni hawana utani. Ni ndugu tu, na ndugu anaambiwa nenda nyumbani ukapumzike.

Balozi alinitazama. Kisha akamtazama yule kijana, akatabasamu kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Kamwene," alisema.

Alitandika kitenge chake kwenye ngazi, akaanza kushuka. Hakushuka kwa wepesi wa siku ile. Alianza na mkono, akafuata goti moja, akapumzika, likafuata la pili. Tulitaka kumsaidia akatukatalia kwa kichwa. Mwishowe akalala.

"Bibi, wewe Mhehe wa wapi?" Sajenti aliuliza. "Shangazi yangu anauza dagaa sokoni pale, ananiambia wewe ni Mngoni."

"Alisikia vibaya. Wangoni mna masikio?"

Kaunta nzima ikacheka, na kutoka ndani, upande wa mahabusu, nikamsikia Saidi anakohoa kile kikohozi chake cha kuzuia kicheko. Sajenti alijitahidi asicheke. Hakuweza.

"Inuka bibi, sakafu ya baridi hii."

"Nilipe kwanza."

Basi mimi nikakaa chini kando yake. Sikuwa nimepanga. Sijui mimi ni mtani wa nani pale, na sikuwa na boksi. Nilikaa tu, na wengine wakakaa. Sajenti alitutazama kwa muda, halafu, bila yeye kujua, akauliza swali lilelile ambalo Balozi alimfundisha Koplo. Akamgeukia mtu wa kaunta akasema, "Huyo mzee, kwani amefanya nini?"

Saidi alitoka kabla ya adhuhuri. Siku chache baadaye Sajenti alileta shati kubadilishwa kola, akaniambia angemwachia hata bila yale maigizo. Huenda ni kweli. Naandika yote mawili. Aliniuliza pia, huku akijifanya anaangalia vifungo, zile baraza zinaanzia wapi na kuishia wapi. Nilimwonyesha.

Ile siku yenyewe tulirudi kwa miguu, kwa sababu Balozi alitaka kupitia sokoni aonekane. Saidi alimshika mkono huu, mimi mkono ule. Tulipofika kwenye baraza ya Alhaji alisimama, akaitazama sakafu kutoka nguzo hadi nguzo, akasema, "Pembeni hamjafagia."

Nikaona nafasi hiyo haitarudi. Nikamwambia, "Balozi, mimi naandika habari zako. Niambie kweli. Wewe kabila gani?"

"Umeandika nini hapo?"

"Sijaandika. Nimeacha wazi."

Alifikiri, akatoa kopo la ugoro.

"Pawe wazi hivyohivyo," alisema. "Hatujui askari mwingine wataleta wa wapi."